Shambaai Si Shamba, Wala Watu Wake Hawakusambaa

Mwulize mtoto wa shule hapa Zirai, mashariki mwa milima ya Usambara, kabila lake, atakujibu bila kusita. Mwulize jina la kabila hilo limetoka wapi, naye atakupa jibu ambalo wazazi wake pia walipewa: Wasambaa walisambaa, ndiyo maana wakaitwa Wasambaa. Jibu lina vina, linakaa kichwani, na watu wazima hulirudia harusini, kwenye mabasi ya Muheza na mbele ya wageni. Kasoro yake ni moja tu, kwamba si kweli.

Wala haliko peke yake. Yapo madai mengine juu ya majina Shambaa, Sambaa, Shambala na Usambara, na kila moja lina watu wanaoliapia. Nitayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu naamini yanadhuru. La kusambaa linawafanya watu wa milima hii waonekane wakimbizi wasio na kwao. Jingine linafanya historia yao ionekane kama ilianza Mjerumani alipofika. Watu wanaopokea maelezo ya uongo kuhusu jina lao hupokea pia maelezo ya uongo kuhusu ardhi yao.

Nianze na hilo la kusambaa, maana ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Kusambaa ni kitenzi cha Kiswahili. Mwenye jina, akizungumza lugha ya mama yake, hajiiti kwa kitenzi cha Kiswahili, na hata herufi ya kwanza haitamki hivyo. Yeye ni Mshambaa, wenzake ni Washambaa, lugha yao ni Kishambaa. Hiyo s ya Msambaa ni matamshi ya watu wa pwani na majirani, na ndiyo waliyoisikia wageni waliokuja na kalamu. Leo hata Washambaa wenyewe wakisema Kiswahili hutumia s bila tatizo, lakini hayo ni mazoea ya Kiswahili, si chimbuko la jina.

Hoja nzito zaidi ni ya sarufi. Washambaa huiita nchi yao Shambaai. Ile i ya mwisho ina kazi, na kazi yake ni ile ile ya -ni katika nyumbani na shambani kwa Kiswahili. Ushahidi mzuri uko katika jina la mfalme mashuhuri wa Washambaa aliyetawala kutoka Vuga, Kimweri za Nyumbai. Nyumbai ndiyo nyumbani yetu. Basi Shambaai ni jina la mahali, limeundwa kama majina ya mahali yanavyoundwa katika lugha hiyo. Nchi ilipata jina, na watu wakaitwa kwa nchi yao. Dai la kusambaa linageuza mpango huo: linataka watu wapate jina kwanza kwa jambo walilotenda, kisha nchi iitwe kwa jina lao. Sarufi ya Kishambaa inatuonyesha njia ya upande wa pili.

Halafu kuna miaka. Mtetezi wa kusambaa husema kulikuwa na vita na biashara ya watumwa, watu wakatawanyika huku na huko, ndipo jina likaja. Vita vilikuwapo kweli. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, wana na wajukuu wake waligombania utawala. Semboja, mmoja wa wana hao, akiwa Mazinde, kwenye njia ya misafara, alipata bunduki na nguvu. Majirani zao Wabondei waliasi utawala wa Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Vuga, katika maasi yanayokumbukwa kwa jina la Kiva. Watu waliuzwa, wengine walihama. Lakini Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa akiishi karibu na Mombasa, alimtembelea Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, na nchi aliyoiandika katika habari za safari zake ni Usambara. Richard Burton na John Speke walipanda Vuga mapema mwaka 1857, na Burton naye aliandika jina hilo hilo kwa tahajia yake, Usumbara. Wote walimkuta Kimweri hai, ufalme ukiwa umesimama na wajumbe wake wakienda mpaka pwani. Jina lilikuwapo kabla ya mtawanyiko unaodaiwa kulizaa.

Na kama kuna kusambaa kwa kweli, ni kwa baadaye sana. Huku mashariki, katika tarafa ya Amani na vijiji vya jirani, familia nyingi zina asili ya milima ya magharibi. Babu zao walivuka bonde la Lwengera kufuata kazi za mashamba ya chai au ardhi ya kulima iliki. Huo ni uhamaji wa karne iliyopita, na waliohama walikuja wakiwa tayari wanaitwa Washambaa.

Dai la pili lina adabu zaidi, nalo linapendwa na waandishi wa vitabu vya watalii: Shambaa inatokana na shamba, kwa kuwa milima hii ina rutuba na wenyeji ni wakulima hodari. Ni sifa nzuri, na ukulima huo ni wa kweli. Nani asiyejua viazi, kabichi na karoti za Lushoto katika masoko ya Dar es Salaam? Lakini sifa si ushahidi.

Shamba ni neno la Kiswahili. Kwa ndugu zao Wazigua, mahali pa kulima ni mgunda, na Washambaa wana neno lao la ukoo huo huo, lililoenea katika lugha nyingi za Kibantu. Watu wenye neno lao la mahali pa jembe hawana sababu ya kwenda pwani kuazima jingine ili wajipe jina. Tena neno shamba lina a moja mwishoni, na Shambaa ina mbili, kwa sababu nitakayoieleza punde. Na kama kulima ndiko kungewapa watu jina, Wabondei, Wazigua, Wapare na Wanguu wote wangestahili kuitwa hivyo, maana wote wameishi kwa jembe.

Basi Shambaai ni nini? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi kati ya Washambaa katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu kizima juu ya ufalme wao kilichotoka mwaka 1974, alionyesha kwamba kwa wenyeji Shambaai si mstari uliochorwa kwenye ramani. Ni aina ya nchi. Ni kule juu penye ubaridi, ukungu na mvua, penye miti na majani fulani ambayo mwenyeji anayatambua. Kinyume chake ni nyika, tambarare ya chini yenye joto, miiba, mbu na mvua ya kubahatisha. Mtu anayepanda kutoka Mombo kwenda Soni hahitaji bango la kumwambia ameingia Shambaai. Atayaona majani ya kando ya njia yakibadilika, na ngozi yake itajua.

Tofauti hii haikuwa ya kupendeza macho tu. Wakulima wa milimani walipanga makazi na mashamba yao kwa kuitumia: migomba na nyumba huku juu, na mashamba mengine chini karibu na nyika, ili mvua ikikosa upande mmoja chakula kipatikane upande wa pili. Njaa, ndoa, biashara ya mifugo na hata siasa za Vuga zilipita katika mstari huo wa juu na chini. Wafalme walihukumiwa kwa jambo hilo. Washambaa walisema mtawala anaweza kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuiharibu, kubana shi, na alama yake ya kwanza ilikuwa mvua. Kwa watu wenye fikra za namna hiyo kuhusu ardhi, si ajabu kwamba jina lao ni jina la ardhi.

Anayetilia shaka awatazame majirani. Wabondei ni nani? Ni watu wa Bondei, na Bondei ni bonde pamoja na i ile ile: bondeni, kwenye vilima vya chini kati ya milima na bahari. Hakuna anayedai kwamba Wabondei waliitwa hivyo kwa tabia zao. Watu wa Bondei, watu wa Shambaai, watu wa nyika: huo ni mpango mmoja wa majina, wa watu waliogawa dunia yao kwa mwinuko na majani. Ukiutazama mzima, kusambaa na shamba vyote vinabaki bila pa kukaa.

Dai la tatu husemwa na vijana wenye uchungu na ukoloni, na uchungu huo nauheshimu: Usambara ni jina la Wajerumani, tulitupe. Naelewa linakotoka. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi miaka michache baadaye, Wajerumani waliiita Reli ya Usambara. Gazeti la walowezi wa Tanga liliitwa Usambara-Post. Hata ua dogo la zambarau lililokusanywa na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, na kupewa jina la kisayansi Saintpaulia mwaka 1893, huko Ujerumani linauzwa mpaka leo kwa jina la Usambaraveilchen. Neno lilitembea sana mikononi mwa Wajerumani.

Lakini kulitembeza si kulizaa. Krapf aliliandika miaka 37 kabla Ujerumani haijatangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka 1885, naye alilisikia kwa watu wa pwani. Ni jina la Kiswahili lenye muundo wa Kiswahili: U- ya nchi, kama Unguu, Uzigua, Ugogo na Unyamwezi, pamoja na matamshi ya pwani ya jina la wenyeji. Tunajua vizuri Mjerumani alipotaka kutoa jina lake mwenyewe alifanya nini: mji wa Lushoto aliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari. Jina hilo liliondoka na utawala wake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Lushoto likarudi mahali pake. Usambara halikuondoka kwa kuwa halikuwa lake.

Kwa hiyo sioni sababu ya kulifuta. Milima ya Usambara ni jina halali katika Kiswahili. Ninachokataa ni kuliweka mbele ya Shambaai, kana kwamba hilo la wenyeji ni tafsiri ya lile la wageni.

Dai la nne nitalimaliza haraka: kwamba Washambala na Washambaa ni makabila mawili, au kwamba wasomi walikosea kuandika Shambala. Hakuna makabila mawili na hakuna kosa. Kuna l dhaifu. Kiswahili chenyewe kimeidondosha l kati ya irabu katika maneno mengi. Sisi tunasema njaa na kukaa ambapo lugha nyingine nyingi za Kibantu bado zina njala na kukala. Shambala kuwa Shambaa ni njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu ya zile a mbili nilizozitaja. Karl Roehl, ambaye baadaye alitafsiri Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937, alichapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1911 akiiita Kishambala. Profesa Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtafiti aliyeipa lugha hii heshima yake ya kitaaluma, naye alitumia Shambala katika vitabu vyake. Anayesikia Shambala akakimbilia ufalme wa hadithi wa Tibet wenye jina linalofanana na hilo, akumbuke kwamba lile ni neno la Kisanskriti, na kwamba masikio hudanganya.

Lipo la tano, nalo lahitaji uangalifu zaidi. Wengine hudai kwamba Msambaa, kwa s, ni tusi, na anayelitamka anadharau. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: neno lilikotoka na neno linavyotumika.

Mfano mashuhuri uko mbali, Amerika ya Kaskazini. Neno squaw liliingia Kiingereza katika karne ya 17 kutoka lugha ya Kimassachusett, ya jamii ya lugha za Kialgonkini, na kwa wenyeji lilimaanisha mwanamke tu. Katika miaka ya 1970 kilitoka kitabu kilichodai kwamba asili yake ni neno la Kimohawk la sehemu za siri za mwanamke. Dai likaenea mno. Mwanaisimu Ives Goddard alilijibu mwaka 1997 kwa kuonyesha kwamba Kimohawk ni cha jamii nyingine kabisa ya lugha, na kwamba maandishi ya miaka ya 1620 yanalionyesha neno likiwa na maana yake safi. Goddard alikuwa sahihi. Hata hivyo wanawake wenyeji wa Amerika waliotukanwa kwa neno hilo kwa vizazi nao walikuwa sahihi kusema linawaumiza, na mwaka 2022 serikali ya Marekani iliyaondoa majina ya mahali yapatayo 650 yaliyokuwa nalo. Asili safi haikulitakasa tendo la kumdharau mtu, na dharau haikuigeuza asili.

Sisi tunao mfano wetu wa karibu zaidi, tena kwa neno ambalo tumekwisha kulikuta. Nyika, kwa Mshambaa na kwa Mswahili, ni pori kavu tu. Lakini watu wa bara ya Mombasa walipoitwa Wanyika, na watawala na wamisionari wakaliandika hivyo katika vitabu, neno lilibeba maana ya watu wa porini, wasiostaarabika. Wenyewe walilikataa, na tangu miaka ya 1940 wanajulikana kwa jina walilolichagua, Mijikenda. Asili ya neno haikuwa na ubaya wowote; ubaya ulikuwa midomoni mwa waliolitamka. Mijikenda walifanya vema.

Je, Msambaa imefika huko? Kwa nionavyo, hapana. Watu hujitaja hivyo wenyewe kwa fahari wakisema Kiswahili, na s hiyo haikuzaliwa na dharau. Lakini kama mtu mbele yako anapenda kuitwa Mshambaa, mwite Mshambaa. Adabu haisubiri ithibati ya wanaisimu.

Yapo pia maelezo ya aina ya kusambaa na shamba kuhusu Wakilindi, ule ukoo wa watawala: ati jina lao latokana na kulinda, kwa kuwa waliilinda nchi, au ni kilindi cha bahari. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi katika nchi hii na kuandika kwa Kiswahili kitabu kikubwa cha Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, alivyofukuzwa kwao, akakaa mahali paitwapo Kilindi, kisha akapanda milimani akiwapa watu nyama mpaka wakampa utawala. Kilindi ni mahali, na leo wilaya nzima ya mkoa wa Tanga ina jina hilo. Tumerudi pale pale: watu wameitwa kwa ardhi.

Na kisa hicho cha Mbegha kinalijibu dai la mwisho, lile la kwamba Mshambaa halisi ni wa damu moja. Mfalme wa kwanza wa Vuga alikuwa mgeni. Katika milima hiyo hiyo wanaishi Wambugu, ambao lugha yao ya ndani, Kima'a, imewashangaza wanaisimu wa dunia kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu huku maneno yake mengi ni ya Kikushi. Wapo Wapare, na huku mashariki tumechanganyika na Wabondei kwa ndoa na kwa mipaka ya mashamba mpaka baadhi ya nyumba zina lugha tatu mezani. Jina lililotokana na damu lisingewameza watu hawa. Jina lililotokana na nchi liliwapa mlango: uliyepanda juu, ukalima, ukafuata taratibu za shi, wajukuu wako wakawa Washambaa.

Ombi langu ni kwa walimu wa Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza. Somo la historia likifika kwenye jina la kabila, acheni kile kitendawili cha kusambaa. Andikeni ubaoni Shambaai kwanza, kisha Usambara chini yake, na waambieni watoto lipi ni la wenyeji na lipi la pwani. Wapeni kazi ya nyumbani ya kuwauliza bibi na babu mpaka wa Shambaai na nyika uko wapi, na kwa mti gani au jani gani huutambua. Wazee wanaoyajua majani hayo bado wapo, katika vijiji vya Lushoto na hata hapa Zirai, na majibu yao hayajaandikwa yote.